Askari wa kaunti Malindi anahitaji kujua nini?

Asubuhi moja karibu na soko la Malindi nilimwona askari wa kaunti akichutama mbele ya mama aliyetandaza maembe juu ya gunia, nusu kando, nusu barabarani. Tuktuk zilikuwa zikipita kwa taabu. "Shikamoo mama," akaanza, kisha akamwonyesha kwa kidole gurudumu lilipopita, karibu kabisa na embe la mwisho. Mama akalalamika kwamba kule ndani wateja hawafiki. Askari akamsikiza mpaka akamaliza, akamweleza sheria inakataza nini, akashika ncha moja ya gunia, mama akashika nyingine, wakalisogeza. Hazikupita dakika tano, wala hakuna embe lililopondeka.

Kisa hiki nakitanguliza kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu askari hawa, ambao vijana huwaita kanjo, kwa kawaida huanzia kwenye rungu na beseni lililopinduliwa. Wapo wanaotaka kikosi kiongezewe makali, na wapo wanaotaka kivunjwe kabisa.

Wanaotaka makali wana hoja nzito. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliikabidhi kaunti masoko, leseni za biashara, taka, maegesho ya magari, kelele, wanyama wanaozurura na leseni za pombe. Yote hayo yanabaki maandishi kama hakuna wa kuyafuatilia mtaani. Mwenye duka analipa pango na leseni, kisha mtu anatandika bidhaa zilezile mlangoni pake. Ana haki ya kuuliza leseni yake inamsaidia nini. Mzee mgonjwa anayeishi jirani na mangwe, yaani kilabu cha pombe ya mnazi, inayokesha na muziki naye ana haki ya kulala. Polisi ni wa serikali ya kitaifa na wana yao ya kushughulikia, kwa hivyo hatuwezi kuwangoja waje kutazama nani kamwaga maji machafu mtaroni.

Wanaotaka kikosi kivunjwe wamechoshwa na mambo waliyoyaona kwa macho. Nilipoishi mji mwingine wa pwani, jirani yangu alichukuliwa deli lake la samaki asubuhi, bila kuandikiwa karatasi yoyote. Jioni alipolifuata alirudishiwa deli tupu. Mtaji wake wote ulikuwa mle ndani, na ikabidi akope ndipo aanze tena. Mpaka leo akiona sare moyo unamdunda. Mtu kama huyo huwezi kumwambia askari yupo kwa faida yake.

Hata hivyo, tukivunja kikosi, barabara itakuwa ya mwenye mabavu, na mama wa maembe ndiye atakayesukumwa wa kwanza. Mimi nataka askari abaki. Ninachokipinga ni kumchagua kwa kifua na mbio zake, kana kwamba kazi yake ni kufukuza watu.

Tazama sakata la muguka, majani yanayotafunwa kama miraa. Mei 2024 gavana wa Kilifi, Gideon Mung'aro, aliipiga marufuku, kama alivyofanya mwenzake wa Mombasa. Wazazi wengi waliokwisha kuona vijana wao wakipotea walifurahi, nami nawaelewa. Kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo kwa muda. Sasa mweke askari mbele ya kibanda siku kama hiyo: mkubwa wake kamwagiza afunge, mwenye kibanda anamwonyesha habari ya mahakama kwenye simu. Misuli haimsaidii hapo. Lazima ajue tofauti ya tamko la gavana, sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti, na agizo la jaji. Akikosea, anayevunja sheria ni yeye. Bunge la Kaunti ya Kilifi linakaa papa hapa Malindi, na mahakama ipo papa hapa. Haifai askari wetu asikie sheria mpya kutoka kwa wachuuzi.

Ulimi nao ni sehemu ya kazi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na kwa kawaida afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Bibi aliyeleta mihogo kutoka Ganda huenda akaelewa vizuri zaidi kwa Kigiriama. Na kwa kuwa Malindi ina Waitaliano wengi, askari mwenye maneno machache ya Kiitaliano ataweza kubisha hata kwenye jumba la ufuoni lenye kelele usiku. Huko pia sheria inapaswa kufika, maana ikiishia kwenye magunia ya sokoni haitaheshimiwa.

Nakiri njia ya upole ina gharama. Mama yule huenda kesho akarudi palepale, na mwenye duka ataona ameonewa. Akionywa mara mbili tatu, ashtakiwe. Lakini kesi nayo inataka kalamu: tarehe, saa, mahali, picha, na shahidi aliyekuwepo. Askari asiyejua kuandika taarifa anapoteza kesi ambayo alikuwa na haki ya kushinda. Na kama meza za sokoni hazitoshi, kumfukuza mchuuzi kila siku ni kumtwisha askari mzigo wa waliopanga soko.

Kuna jambo moja linaloweza kuanza hata wiki hii, bila kungoja mafunzo. Kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye karatasi ya nakala mbili: ni nini, kiasi gani, nani kakichukua, kinapelekwa wapi, na kama ni kitu cha kuoza, kitafanywaje kabla ya jioni. Nakala moja abaki nayo mchuuzi. Jirani yangu angekuwa na karatasi ile, angejua pa kwenda kuwaulizia samaki wake.