Nani amfundishe ofisa wa manowari kuendesha chombo?

Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain ilikuwa inakaribia mlango wa bahari wa Singapore, penye msongamano wa meli, pale kamanda wake alipoona mshika usukani amezidiwa. Akaamuru kazi igawanywe: huyu abaki na usukani, mwenzake adhibiti mwendo. Katika kuhamisha vidhibiti vya mwendo, usukani nao ukahamia kwenye kioo cha kugusa cha mwenzake bila mtu kutambua, kisha ikapunguzwa kasi ya rafadha moja (panga la kusukuma meli) badala ya zote mbili. Manowari ikakata kushoto na kuingia mbele ya meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 wakafa. Miezi miwili kabla yake, USS Fitzgerald ilikuwa imegongana na meli ya kontena ACX Crystal karibu na Japani, wakafa 7.

Ajali hizo zilirudisha mjadala wa nani hasa amfundishe ofisa kijana kuongoza meli, na kama kazi hiyo yafaa wapewe raia wanaoajiriwa kwa mkataba, wengi wao manahodha wastaafu. Wanaopinga wasisahau kwamba mwaka 2003, kwa kubana matumizi, jeshi la majini la Marekani lenyewe lilifuta kozi ya darasani ya maofisa wapya mjini Newport na kuwapa diski za kompyuta wajisomee melini, kati ya zamu na zamu. Darasa lilirudishwa baadaye, lakini ni vigumu kumlaumu raia kwa kukalia kiti kilichoachwa wazi.

Tena raia huyo ana kitu cha kufundisha. Ofisa wa meli ya biashara hukabidhiwa zamu ya kuongoza meli baada ya kupata cheti chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambao hauzihusu manowari, na kwa kawaida huwa ametumikia baharini miezi 12 au zaidi. Ofisa wa manowari wa Marekani, tofauti na mwenzake wa Uingereza, hugawanya miaka yake ya mwanzo kati ya injini, silaha na usukani. Mkufunzi mwanajeshi naye, akishaizoea kazi, huhamishwa, raia hubaki.

Hata hivyo, manowari husafiri kwa kundi, mara nyingine bila taa, na huweza kuzima mtambo unaotangaza mahali ilipo, mambo ambayo nahodha wa shehena aliyezoea kuonekana hakuyaishi. Linalonitia shaka zaidi ni mtihani. Anayelipwa kwa idadi ya wanafunzi waliomaliza ana sababu ndogo ya kumkatalia mtu, na hapo simwoni mwenye kosa ila aliyeuandika mkataba hivyo. Raia na afundishe, tena kwa miaka mingi, ila saini ya kwamba fulani anaweza kukabidhiwa zamu iwekwe na ofisa anayeweza kupangwa naye meli moja na kulala huku huyo akiongoza.

Na yapo ambayo mkufunzi yeyote hayawezi. Baadhi ya waliokuwa kwenye vidhibiti vya McCain walikuwa wameazimwa kutoka USS Antietam, ambayo mfumo wake wa usukani ulikuwa tofauti, na hawakuwa wamefunzwa vya kutosha ule mpya. Hilo halikuhitaji zabuni. Lilihitaji siku chache gatini, na mtu wa kukataa meli isitoke kabla ya siku hizo kwisha.