Gogogo si mkosi

Jumamosi iliyopita, katika mwalo mmoja kusini mwa mji wa Kigoma, nilimwona mvuvi akimnasua gogogo wavuni, akamvunja miba yake mitatu kwa koleo, kisha akamtupa kwenye kokoto akisema kwamba samaki huyo ni mkosi. Hasira yake naielewa, kwa kuwa mwiba wa gogogo una meno kama ya msumeno, na akishausimamisha na kuufunga haulali hata ukiuvuta, hivyo huharibu nyavu na kujeruhi vidole. Hata hivyo, neno lile limenikera hadi leo.

Gogogo huyo mwenye madoa meusi na macho makubwa hapatikani kwingine kokote duniani isipokuwa katika Ziwa Tanganyika. Jike lake huwavizia samaki wadogo wa mawe, ndugu wa kuhe, wakati wanapotaga. Mama anapoinama kuyakusanya mayai yake ili ayatamie mdomoni, gogogo hupenyeza ya kwake, na mama huyabeba yote pamoja. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vitoto vyake huwala wenzao humo humo mdomoni. Tetsu Sato, mtafiti wa Kijapani, aliyaeleza haya mwaka 1986, na mpaka sasa, ukiacha ndege, hajulikani mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo ambaye hawezi kuzaliana bila kulelewa na aina nyingine. Nakubali kwamba si malezi ya kupendeza, lakini ni yetu, yako mita chache kutoka tunapofulia nguo.

Sasa mawe wanamoishi samaki hao yanazikwa. Tumefyeka vilima vinavyoliinamia ziwa, na kila mvua kubwa hushusha udongo unaofunika mwani ambao samaki wa mawe huula, na kuziba nyufa wanamojificha. Utafiti wa Andrew Cohen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulikuta aina chache zaidi za viumbe katika sehemu za mwambao zilizojaa tope. Nilipokuwa mtoto, nikipiga mbizi, mguu uliteleza juu ya mwamba. Mwaka huu, mahali pale pale, ulizama hadi kifundoni. Samaki wa mawe wakitoweka, gogogo hana mdomo wa kumlelea mayai, na miba yake, inayomkinga asimezwe, haimkingi na udongo.

Kulifunga ziwa kwa miezi mitatu ili watu wasivue, kama ilivyofanyika kuanzia tarehe 15 Mei mwaka 2024, kuliwapa dagaa nafasi ya kuzaana, na silipingi jambo hilo. Lakini tope halina msimu wa kufungwa. Najua pia kwamba mkulima wa mlimani ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana naomba apewe miche na kusaidiwa kuchimba makinga maji, wala asifukuzwe.

Mvuvi alipoondoka, nilimwokota yule gogogo, kwa kuwa alikuwa bado anapumua, nikamrudisha majini. Alizama taratibu, bila miba yake, akaingia kati ya mawe mawili ambayo tope lilikuwa limekwisha kuyafunika nusu.