Hematofaji, mnyonya damu au mladamu?

Mtoto wa jirani yangu hapa Chake Chake alirudi skuli na neno jipya daftarini: hematofaji. Kalipigia mstari, na pembeni kaandika maana yake, mnyama aishiye kwa damu. Akaniuliza, "Ami, popo wa Kidike naye ni hematofaji?" Nikamjibu hapana. Popo wetu wa Pemba anakula matunda, na popo wanaokunywa damu ni aina 3 tu duniani, zote za bara la Amerika. Lakini swali lilinikaa moyoni. Mtoto alikuwa na neno ambalo halikumwambia chochote mpaka aelezwe.

Asili yake ni Kiyunani: haima ni damu, phagein ni kula. Wapo wanaopendelea la Kilatini, sangwivora, kutokana na sanguis, damu, na vorare, kumeza kwa pupa. Kwa Myunani mwenyewe hematofaji lilikuwa wazi kama "mlanyama" lilivyo wazi kwetu.

Wanaolitetea hawasemi upuuzi. Sekondari sayansi inasomwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyelizoea neno hili mapema hatobabaika akilikuta kwenye mtihani. Hilo nalikubali.

Wapo pia wanaosema "mnyonya damu" tunalo, la nini jingine? Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Kunyonya ni kuvuta kwa mdomo, kama mtoto anavyonyonya ziwa. Mbu jike anavuta kweli, ana mrija wake. Chafuo je? Huyo anaikata ngozi, kisha anairamba damu inayojaa kidondani, na wale popo wa Amerika nao wanakata kwa meno na kuramba. Tena tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ukimtajia mtu wa rika langu mnyonyaji, mdudu hamjii akilini kabisa. Anamuona binadamu mwenziwe mwenye mirija.

Lugha yenyewe imewatazama viumbe hawa kwa macho zaidi ya hayo. Marehemu bibi yangu alipomtoa kupe sikioni mwa ng'ombe, alimshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta taratibu, maana ukimnyofoa kwa haraka mdomo wake unabaki ndani. Akimweka kiganjani, kijivu, kavimba, anang'aa, ungeapa ni punje ya nyonyo. Warumi wa kale waliona vilevile: mmea wa nyonyo waliuita ricinus, jina lao la kupe, na wataalamu wa mimea wanaliandika mpaka leo.

Waarabu walitazama jambo jingine. Ruba kwao ni alaqa, kutokana na kushikamana, na neno la shina hilohilo limo katika Suratul-Alaq, ambayo watoto wetu wanaihifadhi chuoni na kufasiriwa kuwa ni pande la damu. Kiswahili nacho kimeviweka viwili hivyo katika kitenzi kimoja: damu inaganda, na mtu king'ang'anizi ameganda kama ruba. Hapo huwa nasita kila mara kwa mshangao, kwa sababu ruba akishaganda, mate yake ndiyo yanayozuia damu isigande. Mtafiti John Haycraft alilionesha hilo mwaka 1884.

Mimi nachagua mladamu, waladamu, wakae sawa na walanyama na walamajani. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mtu ninayemheshimu sana, hakuridhika. Damu ni haramu, aliniambia, na ukisema "mla damu" unatukana, tena unawakumbusha watu mumiani. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa mumiani ilikuwa dawa nyeusi kama gundi, ikisemekana inatoka Uajemi, ikitumika hata kwa mifupa iliyovunjika, ilhali watu waliamini ni damu ya binadamu iliyokauka. Uvumi ukizuka, baada ya magharibi watu walikuwa wakitoka majumbani kwa nadra. Na neno lenyewe chimbuko lake ni mum, yaani nta kwa Kiajemi.

Hata hivyo, uharamu huo umetuhusu sisi, kunguni haumhusu. Yeye hana chakula kingine, tangu atoke kwenye yai mpaka afe, dume na jike. Mbung'o wa Unguja naye, akishakomaa, dume na jike aliishi kwa damu, mpaka akatokomezwa kufikia mwaka 1997 kwa kumwagiwa madume tasa kutoka kwenye ndege. Mbu dume haigusi damu, anaishi kwa majimaji matamu ya mimea. Ukiuliza nani anakula nini, tofauti hizi zinajitokeza zenyewe. Ukiuliza nani ananyonya, zinajificha.

Basi yule mtoto nilimshauri abaki na hematofaji kwa ajili ya mtihani, na kando yake aandike mladamu. Akaandika. Chini yake, bila kuambiwa na mtu, akaongeza: popo wa Kidike, mlamatunda.