Mliosikia voisi ya jirani, sikieni na yangu

Kabla hamjaendelea kurushiana ile voisi ya mimi kunaswa na umeme wa friji, naombeni muda wenu kidogo. Sikuning'inia kwenye friji. Sikutoa moshi. Na huyo anayejifanya shahidi hakuona kitu, maana dakika ileile naye alikuwa na la kwake chumbani, ambalo kwenye voisi kalirukia mbali kabisa. Tutafika.

Friji la ukumbini mnalijua, lile la barafu za ukwaju. Mtaa mzima unajua kulifungua ni kwa kuzungushia kanga mkononi, kwa sababu linapiga shoti. Mama mwenye nyumba husema, "Halipigi, linatekenya tu." Ukiwa na ndala, kweli linatekenya. Ukiwa peku na sakafu imelowa, unaimba. Juzi nikakuta watoto wanashindana nani atalishika muda mrefu zaidi, nikasema basi, hapa tutazika mtu.

Nikachomoa plagi. Plagi yenyewe ya vipini viwili, imesokomezwa kwenye soketi ya matundu matatu, na tundu la juu limepachikwa kijiti cha kiberiti ili matundu ya chini yakubali kufunguka. Msinicheke, nanyi kwenu mnacho. Ndani ya waya wa friji kulikuwa na nyaya tatu. Ule wa kijani na njano umekatwa, ukakunjwa nyuma, ukavikwa selotepu. Ndio ethi huo, jamani. Umeme ukivujia kwenye bodi, huo ndio unaoupeleka ardhini usipitie kwako. Kishoka, yaani fundi wa mtaani asiye na leseni, aliyefunga plagi ile aliona hauna kazi, mradi friji linagandisha.

Nikanunua plagi ya vipini vitatu yenye fyuzi. Kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani na njano juu kwenye E, nikakaza skrubu, nikavuta kila waya kuona kama umeshika. Kazi ile mkaguzi angeomba kupiga nayo picha.

Nikachomeka. Friji likaguna. Nikaita kwa ile sauti ya fundi anayetaka kulipwa: "Mama, njoo ushike, kanga tupa kule!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, alikuwa anasonga ugali. Akalitazama friji, akanitazama mimi. "Shika wewe kwanza, mwanangu."

Sasa hapa twende polepole. Ndala nilikuwa nimezivua mlangoni kwa heshima, maana Mama hataki mchanga ukumbini kwake. Barafu zilikuwa zimeyeyuka wakati friji limezimwa, na mimi nimesimama katikati ya dimbwi. Mafundi wazoefu hugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, ili misuli ikishtuka mkono ukimbie. Mimi nikaukamata mpini wa chuma kwa kiganja kizima, huku namtazama Mama usoni, natabasamu.

Tabasamu ndilo lililoganda kwanza. Vidole vikajifunga. Nikaviamuru vifunguke, vikagoma. Umeme wa ukutani ni volti 230, unakwenda na kurudi mizunguko 50 kila sekunde, na misuli ya kufumbata ina nguvu kuliko ya kufumbua, kwa hiyo ukiushika, na wenyewe umekushika. Mkono ukaanza kucheza, bega likadakia, meno yakaitikia. Ndani ya friji nasikia chupa zinagongana. Juu yake kulikuwa na mfuniko wa hotipoti, nikauona unasogea ukingoni, unasogea, unasogea, na akilini mwangu, wallahi, nilikuwa nawaza nani ataulipa. Ukaanguka. Hapo ndipo nikaita "Mamaaa!"

Voisi inasema nilimlilia mama yangu mzazi. Kwani huyu mwenye nyumba sote tunamwita nani?

Mama hakunichelewesha. Aliwahi kusikia redioni kwamba mtu akinaswa na umeme usimguse kwa mkono, mbandue kwa mti mkavu. Mti aliokuwa nao ni ule mwiko, na ukavu haukuwa nao, umetoka sufuriani sasa hivi, ugali wa moto umeushika kote. Akanichapa kwenye kiwiko. Ugali ukaruka mpaka shingoni. Akavuta pumzi, akanichapa tena, na katikati hapo ukatoka ukunga mwingine kutoka chumba cha uani, mkali kuliko wangu.

Mjukuu wake wa darasa la nne, mwenye akili kutuzidi wote ukumbini, akapanda stuli akashusha meini swichi. Nikabanduka, nikakaa kwenye dimbwi. Mama akaendelea. Vile vipigo vya mwisho umeme ulikuwa umeshakatika, na yeye alijua, maana feni ilikuwa imesimama.

Mlango wa uani ukafunguka. Katoka shahidi wetu, peku, uma wa chuma mkononi, yai bichi kifuani. "Nani kaniwekea umeme kwenye kikaango?" Kimya. Nyumba hii mita ya LUKU ni moja, tunachangishana, na majiko ya koili Mama aliyapiga marufuku tangu uniti zianze kuyeyuka kwa maajabu. Mama akaugeuzia mwiko upande wa pili. Sehemu hii kwenye voisi mmeisikia? Haimo.

Fundi mwenye leseni ya EWURA alikuja, akazunguka nyuma ya nyumba, akacheka peke yake. Waya wa ethi wa nyumba nzima ulikuwa unaning'inia hewani. Nondo ya shaba imeng'olewa, imekwenda skrepa siku nyingi. Sasa nyaya zote za ethi za nyumba zinakutana sehemu moja, na sehemu hiyo ardhi haiijui. Umeme uliokuwa unavujia kwenye friji peke yake, plagi yangu ikaupa ruhusa ya kutembelea birika, pasi, na jiko la koili ambalo halipo.

Fundi anasema ningepima ethi ya nyumba kwanza. Mimi nasema plagi ilifungwa vizuri, muulizeni mwizi wa shaba. Na mnaouliza tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme: nilikuwa nayo, mfuko wa nyuma.

Yaliyobaki ni mafupi. Waya uliochubuka karibu na kompresa ukabadilishwa, nondo mpya ikachimbiwa na mkaa na chumvi, ikafungwa na breka inayojikata umeme ukivuja miliampea 30. Zahanati wakanipima moyo, uko sawa. Daktari akauliza kiwiko kimevimbaje, nikasema nimepigwa. "Na umeme?" Nikamwambia huo ulikuwa mwanzo.

Tatizo ethi hupenda udongo wenye unyevu, na kwa jua hili, fundi kaagiza pale shimoni pamwagiwe maji. Mama kanikabidhi mimi. Kila jioni napita na kopo langu nyuma ya nyumba, na mtu wa koili anakaa barazani na simu yake, anarekodi, ananiuliza mche wangu utazaa lini.