Ukikoroma, Mwambie na Daktari wa Meno

Hapa Mwanza mkoromo ni jambo la kutaniana asubuhi. Mke anahamia chumba cha watoto, basi, yameisha. Utani huo unaficha ugonjwa unaotibika, na kwa maoni yangu mtu mwenye nafasi nzuri ya kuushtukia mapema ni daktari wa meno, kwa sababu ndiye anayekutazama kooni ukiwa umeachama.

Ugonjwa wenyewe ni apnia ya usingizi ya kuziba koo, yaani pumzi kukatika usingizini. Hutokea hivi: ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi na kaakaa laini vinarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni ikishuka ubongo unakugutusha, unavuta pumzi kwa kishindo na kulala tena bila kukumbuka chochote. Kwa mwenye ugonjwa mkali hali hiyo hujirudia mara 30 au zaidi kila saa. Anaamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, na pengine presha haishuki ingawa anameza dawa kila siku.

Shida ya huku ziwani ni kwamba uchovu una visingizio vingi. Mvuvi wa dagaa anakesha na taa, akisinzia mchana nani atashangaa? Yeye ajichunguze siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na mitumbwi mingi ikiwa imepumzika. Akilala usiku mzima siku kadhaa mfululizo na bado anasinzia katikati ya mazungumzo, asiisingizie kazi. Na dereva wa Geita aliyezoea kuiba usingizi kwenye foleni ya kivuko, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 anaunganisha moja kwa moja. Daraja ni neema kubwa, ila dereva mwenye apnia sasa hana hata kile kituo kidogo cha kupumzika.

Nyumbani anza na simu. Mwenzako akurekodi dakika chache ukiwa umelala chali, picha ionyeshe kifua na sauti isikike. Tafuta mkoromo unaokatika ghafla, kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha mshtuko wa kuvuta hewa. Tazama kifua wakati wa kimya: kikihangaika kupanda na kushuka, koo ndilo limeziba. Kikitulia kabisa, huenda tatizo liko kwenye ubongo unaoamuru pumzi, na kifaa cha mdomoni nitakachokieleza hapa chini hakitasaidia. Pima na shingo kwa futi ya fundi cherehani. Ikizidi sentimita 40, hatari imeongezeka. Wembamba pia wanaugua, hasa wenye taya la chini fupi lililorudi nyuma.

Kwenye kiti cha meno dalili zipo wazi kwa anayezitafuta: kingo za ulimi zina alama za meno, kaakaa ni jembamba na limepanda juu, kimeo hakionekani mtu akitoa ulimi, mafindofindo makubwa, magego yamesagika. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mgonjwa anaonekana anasaga meno usiku, anatengenezewa kikinga meno cha taya la juu, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama anakoroma. Kikinga cha aina hiyo huweza kuzidisha apnia kwa baadhi ya watu, kwa kuwa kinapunguza nafasi ya ulimi bila kusogeza taya mbele. Swali moja tu kabla ya kuchukua chapa ya meno lingetosha.

Lakini daktari wa meno hapaswi kuthibitisha ugonjwa peke yake. Akishuku, aandike rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa magonjwa ya ndani, ufanyike uchunguzi wa usingizi: kipimo cha oksijeni kidoleni, mrija mdogo puani, mkanda kifuani, usiku mzima. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 hadi 14 kwa saa, apnia ni ndogo; 15 hadi 29 ni ya wastani; kuanzia 30 ni kali. Kwa apnia kali mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, ndiyo chaguo la kwanza. Inahitaji umeme usiku kucha, na umeme ukikatika inazima, hivyo panga betri mapema.

Kwa apnia ndogo na ya wastani, au kwa aliyeshindwa mashine, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kusogeza taya la chini mbele. Hakihitaji umeme, na kwa anayelala kambi ya wavuvi hilo ni jambo kubwa. Kwanza fizi zitibiwe na meno yaliyotoboka yazibwe. Meno yanayolegea hayawezi kubeba kifaa. Kisha inapimwa taya linasogea kiasi gani kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa. Likisogea milimita 10, kifaa kinaanzia 5 au 6, halafu skrubu inazungushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mpaka dalili zipungue au taya lianze kuuma. Vile vya bei rahisi vya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata siviungi mkono: vinashika vibaya na havirekebishiki kwa usahihi.

Wiki za mwanzo mate yatatiririka na taya litakaza asubuhi. Ukikitoa, ng'ata taratibu mara kwa mara hadi magego yagusane. Yasipogusana mpaka mchana, rudi kliniki, kwa kuwa kifaa huweza kuhamisha meno polepole. Kioshe kwa mswaki, sabuni laini na maji baridi. Maji ya moto yanakipinda.

Pombe na baadhi ya dawa za usingizi vinalegeza koo: pombe acha, dawa muulize daktari kwanza. Lala ubavu. Mtoto anayekoroma apelekwe kwa daktari wa koo, mara nyingi ni mafindofindo, na kifaa hiki si cha taya linalokua.

Kifaa kikishakaa sawa, uchunguzi wa usingizi urudiwe ukiwa umekivaa. Mkoromo unaweza kunyamaza huku oksijeni bado inashuka, na mke aliyerudi chumbani hawezi kulijua hilo kwa masikio.