Rolex tisini na tano

Ofisini kwetu Kampala, kila Ijumaa chai ya saa nne tunaagiza pamoja. Kila mtu anaandika anachotaka kwenye safu moja ya jedwali: "rolex, chai, rolex", "chapati, soda". (Rolex ya kwetu si saa ya mkononi, ni chapati iliyokunjwa na mayai.) (Aliyeibuni safu hiyo ni mimi, tusiulizane.) Dada wa mapokezi alikuwa akihesabu kwa kidole, mpaka kimbelembele kikanipanda: "Dada, pumzika. MySQL, programu yetu ya hifadhidata, itahesabu."

Mbinu yenyewe ni rahisi. Unapima urefu wa maandishi, unafuta unachokihesabu, unapima tena, unatoa: LENGTH kutoa LENGTH ya REPLACE. Nilishaihesabia mikato na haikuwahi kuniangusha. Basi penye mkato nikaweka 'rolex', nikajumlisha safu nzima. 95. Nikapiga simu Wandegeya, mtaa wa hapa Kampala tunakoagiza.

"Tisini na tano?" akauliza muuza rolex wetu, mtu wa Arua. "Ndugu yangu, mnazika au mnaoa?"

"Wewe pika. Mayai mawili mawili."

Ziliingia boda mbili, kaveera, mifuko ya plastiki, zimening'inia huku na huku. Mayai 190, yaani trei sita na mengine kumi juu, yamekunjwa ndani ya chapati pamoja na kabeji na nyanya. Sisi tuko kumi na wanne. Askari wa geti alichukua nne, akaondoka, akarudi kaishika kofia kama kapu.

Mkato ni herufi moja. Rolex ni tano. Ile "rolex, chai, rolex" ina urefu wa 18. Ukifuta rolex zinabaki 8, na kompyuta inakwambia 10 kwa mtu aliyetaka mbili. Ilibidi nigawanye kwa tano. Deni la Wandegeya lilikatwa kwenye mshahara wangu.

Ijumaa iliyofuata nikagawanya. 19, zikaja 19, nikatembea kifua mbele. Kisha mzee, bosi wetu, akatoka chumbani kwake.

"Kijana, mbili zangu ziko wapi?"

Mzee huandika kila kitu kwa herufi kubwa: "ROLEX, ROLEX". Na REPLACE ya MySQL inabagua kubwa na ndogo; kwake, mzee hakuagiza kitu. Wiki ile ya neema alikula tatu za ziada, nani angejua? Ningeweka LOWER tu, inayogeuza herufi zote kuwa ndogo, yangekwisha.

"Mzee, ukiandika kwa herufi kubwa, hifadhidata haikuoni."

Akautazama mkono wangu. Nusu ya rolex ilikuwa bado kwenye karatasi, inafuka moshi.

Dada wa mapokezi, bila kuinua macho, alishafungua daftari lake.