Dereva aliyekataa kusogea kwa duma

Kuna ubishi haukatiki kati ya wapiga picha wa wanyama na madereva wanaowapeleka mbugani: mgeni anataka gari lisogee, dereva anasema hapa panatosha, mgeni akirudi hotelini analalamika kapewa dereva mwoga. Mi naona huyo dereva anaonewa.

Mgeni naye ana yake. Kalipa hela nyingi, ana siku tatu tu, lenzi yake sio zile ndefu, na ni kweli hela za wageni zinalipa askari wa wanyamapori. Dereva mwenyewe anategemea tipu, asiposogea yeye atasogea wa gari la jirani. Hayo sawa.

Sasa mwangalie duma. Huyu anawinda zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, muda uleule magari yanazunguka. Anapanda kichuguu, anawaangalia swala weee, halafu anashuka, kichwa kakishusha usawa wa mabega, anatembea taratibu kama hana shida na mtu. Asiyemjua anasema anaondoka huyo, mfuate, gari linakuja kukaa katikati yake na swala. Kumbe ndo alikuwa anaanza! Na mbio zake ni za mita mia chache tu, akikosa hapo lazima alale apumzike kwanza, na akipata anahema muda mrefu kabla hajala. Hata zile picha tunazoambiwa duma ananguruma zinaweza kuwa miayo tu, duma hangurumi kama simba, akiwaita watoto analia kama kandege.

Halafu kuna namba moja hainitoki kichwani. Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma majike huko Maasai Mara, matokeo yakatoka 2018: penye watalii wengi, kila uzao ulifikisha wastani wa watoto 0.2 umri wa kujitegemea, penye watalii wachache 2.3. Yaani chukua uzao mara kumi, huku unabaki na watoto wawili, kule 23. Wawili kwa 23, Maasai Mara hiyohiyo! Mtu atasema simba na fisi ndo wanaomaliza watoto wa duma, na kweli wanawaua sana, ila simba na fisi wako pande zote. Utafiti haukusema magari yanakanyaga watoto. Mi ninachokiona ni mama anayeharibiwa windo leo, kesho tena, wiki nzima, na watoto wanamsubiri kwenye nyasi.

Huko Maasai Mara kuna kanuni, magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja na gari likae angalau mita 25 kutoka kwake. Nzuri, ila kanuni haikuambii kile kichwa kilichoshuka kina maana gani, hiyo anaijua dereva aliyekaa na duma miaka, na ndo maana anakataa.

Nimewahi kukaa na dereva mmoja wa hivyo, akazima injini mbali kabisa, dakika arobaini, nyuma mgeni ananung'unika magari mengine yako karibu. Yale mengine yakachoka yakaondoka. Duma akatoka kwenye nyasi na watoto watatu nyuma yake, wakaja moja kwa moja hadi kwetu, wakalala kwenye kivuli cha gari. Mgeni ilibidi abadilishe lenzi aweke fupi.